Kamusi ya visawe ya Roget: nakala kuukuu ya Kisumu, iliyopimwa kwa neno moja la matusi

Nakala ninayoizungumzia niliinunua kando ya Barabara ya Oginga Odinga, mjini Kisumu, kwa muuza vitabu asiye na duka wala kibao, ila turubai la buluu alilolitandaza chini ya kibaraza cha jengo na kulibana pembeni kwa mawe manne ili upepo wa ziwani usilipeperushe. Alitaka shilingi 600. Nilimwonyesha kwamba jalada lilikuwa limeshikiliwa na gundi ya viatu, naye akacheka, akaniambia, "Japuonj, gundi hiyo fundi alipaka mara mbili, haiachii." Kwa kuwa alikuwa ameniita mwalimu kwa Kijaluo kabla sijamweleza kazi yangu, na kwa kuwa kweli nilifundisha miaka mingi kabla ya kugeukia kazi ya kutafsiri, nilikosa nguvu ya kubishana zaidi, tukamalizana kwa 450.

Kitabu chenyewe hujulikana kwa jina la mtungaji wake, Peter Mark Roget, daktari aliyezaliwa London mwaka 1779. Alianza kujiandalia orodha ya maneno kwa matumizi yake mwenyewe mwaka 1805, akaiweka kando akashughulika na udaktari na sayansi, na hakuichapisha hadi mwaka 1852, alipokuwa na umri wa miaka 73. Baada yake mwanawe, kisha mjukuu wake, waliendelea kuihariri. Jina alilokipa kitabu, "Thesaurus", lina asili ya Kigiriki na maana yake ni hazina, yaani mahali pa kuwekea vitu vya thamani, na ningependa wauzaji wetu wakiite hivyo badala ya kukichanganya na kamusi za kawaida, kwa sababu mnunuzi anayetarajia kuelezwa maana ya neno atakirudisha kesho yake akiwa na hasira. Hakielezi maana ya neno hata moja. Roget aliyagawa mawazo ya binadamu katika makundi makuu sita, akayapasua tena katika mafungu 1,000, kila fungu na nambari yake, kisha akayamwaga humo maneno yanayokaribiana. Anayetafuta neno huanza nyuma, kwenye faharasa, akapata nambari, ndipo arudi mbele. Mwanzoni utaratibu huo unachosha kama kupanga foleni mara mbili katika ofisi moja, lakini baada ya wiki vidole huzoea.

Kamusi yoyote huipima kwa neno ninalolihitaji siku hiyo, wala si kwa sifa zilizoandikwa kwenye jalada, na siku hiyo neno lilikuwa "idiot". Kijana mmoja aliyekuwa mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi, na ambaye alikuwa ameachishwa kazi bila notisi, alinijia na simu yake iliyopasuka kioo ili nimtafsirie ujumbe aliotumiwa na mwajiri. Ulikuwa ujumbe wa sentensi nne za Kiingereza, na neno hilo lilikuwamo mara mbili: mara ya kwanza likimwelekea yeye mwenyewe, na mara ya pili, kwa umbo la kivumishi, likieleza namna alivyofunga lango usiku. Tafsiri ilikuwa isomwe katika kikao cha usuluhishi ambacho kingeendeshwa kwa Kiswahili. "Mwalimu," aliniambia, "aliponiita hivyo kwa Kizungu niliona ni hasira tu. Usinipunguzie, lakini pia usiniongezee." Sijawahi kupewa na mteja maagizo ya kutafsiri yaliyo bora kuliko hayo, na ndiyo niliyoyatumia kukipima kitabu.

Faharasa ilinipeleka kwenye fungu la 501. Fungu hilo ni la mpumbavu, na limewekwa mara tu baada ya la 500, ambalo ni la mwenye hekima, kwa kuwa Roget alipenda mawazo yanayopingana yakae yakitazamana. Mstari wa kwanza una "fool" na "idiot" bega kwa bega, halafu wanafuata wengine kama abiria wanaoshuka kwenye matatu iliyojaa kupita kiasi: "simpleton", "donkey", "ass", "ninny", "dolt", "booby", "noodle", "owl", "goose", "imbecile", "nincompoop", "oaf", "lout", "dullard", "calf". Kwa mtu aliyezoea kuandika "fool" katika kila sentensi, ukurasa huo peke yake una thamani ya zile shilingi 450. Wanyama ndio walionifurahisha zaidi. Punda sote tunamfahamu kwa kazi hiyo, na ndama na bata bukini ninaweza kuwaelewa, lakini bundi alinishangaza, kwa sababu Waingereza hao hao humchora akiwa amevaa miwani na kushika kitabu, na huku kwetu akilia juu ya paa hakuna anayefikiria upumbavu, watu hufikiria msiba. Ng'ombe, ambaye madereva wa Kisumu humtaja kila bodaboda anapowaingilia mbele bila ishara, hamna katika nakala yangu.

Tatizo ni kwamba majina hayo yote yametenganishwa kwa mkato tu, kana kwamba uzito wake ni mmoja. "Goose" shangazi anaweza kumwambia mtoto aliyevaa viatu kinyume, na mtoto akacheka. "Imbecile" hawezi. "Ninny" na "booby" yamechakaa, na "ninnyhammer", ambalo nalo limo humo, sijapata kulisikia kinywani mwa mtu aliye hai. Hakuna alama yoyote inayomwambia msomaji lipi ni la jikoni, lipi ni la mahakamani, na lipi limekwisha kuzikwa. Nilipokuwa nikisahihisha insha za kidato cha nne nilizoea kukutana na neno moja la ajabu katikati ya aya ya kawaida, likiwa limesimama kama mtu aliyevaa koti la harusi shambani, na nilijua papo hapo kwamba mwandishi amepitia kitabu cha aina hii usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi. Roget aliwaandikia watu waliokuwa wanayajua maneno tayari na kuyasahau kwa muda, na kwa watu wa namna hiyo kitabu ni msaada mkubwa. Anayejifunza Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu, kama wengi wetu hapa, hupewa funguo kumi na tano bila kuambiwa ni za milango ipi.

Kiswahili nacho kingenitatiza vivyo hivyo kama ningekipanga kwa mtindo huo. Mjinga, mpumbavu, juha, zuzu, bwege, zebe, punguani, mbumbumbu, fala: ukiyamwaga yote mezani yanafanana, lakini hakuna aliyekua na lugha hii anayeyachanganya. Mjinga ni asiyejua. Ujinga una dawa, nayo ni kufundishwa, na ndiyo maana serikali baada ya uhuru iliweza kuutangaza kuwa adui wa taifa pamoja na umaskini na maradhi bila mwananchi yeyote kuhisi kwamba ametukanwa, na ndiyo maana wahenga wakasema mjinga akierevuka mwerevu yu mashakani. Mtu mzima hujiita mjinga mbele ya watu na hapotezi kitu: "Mimi ni mjinga wa mambo haya ya kompyuta, hebu nieleze." Hakuna anayejiita mpumbavu kwa sauti hiyo hiyo. Mpumbavu akili anazo na hazitumii, au amefundishwa akakataa, na Zaburi ya 14 inapomtaja mpumbavu asemaye moyoni mwake kwamba hakuna Mungu, haizungumzi habari ya mtu aliyekosa karo.

Zuzu ni mtu mwingine kabisa. Ni yule aliyeshuka mjini leo, amesimama katikati ya kituo cha mabasi mdomo wazi, hajui matatu ya Busia ni ipi, na begi lake tayari limo mgongoni mwa mtu asiyemjua. Bwege ni anayechezewa na kila mtu na kila siku. Juha ametujia kutoka hadithi za Waarabu, ambako Juha mwenyewe mara nyingi huishia kuwazidi akili waliomcheka, ingawa neno lilipovuka bahari liliuacha ujanja huo nyuma. Mbumbumbu hutaniwa kuwa ni "mbumbumbu mzungu wa reli", na mimi huusikia msemo huo kwa raha ya pekee, kwa kuwa naishi katika mji ambao reli iliufikia mwaka 1901 ukiwa bado unaitwa Port Florence. Fala, kwa matumizi ya vijana wetu, linaweza kuwa salamu kati ya marafiki na mwanzo wa ngumi kati ya wasiojuana, ndani ya matatu moja, kati ya Kondele na mjini. Wateja wangu wengi, zaidi ya hayo, huwaza kwanza wakiwa na "ofuwo" la Kijaluo au "omusiru" la Kiluhya kichwani, kisha hutafuta neno la Kiswahili la kulivika, na mara nyingi hushika lililo karibu na mkono, yaani "mjinga", hata pale walipokusudia kusema zaidi ya hapo.

Kuna tena jambo ambalo hakuna orodha ya visawe ingeweza kulionyesha, kwa sababu halimo katika neno bali katika kiambishi. "Mtu mjinga" ni maelezo. "Jitu jinga" ni tusi, na "kijitu kijinga" ni tusi lililoongezewa dharau. Ukimtoa binadamu katika ngeli ya watu ukamsukuma katika ngeli ya majitu au ya vitu, umemaliza kazi kabla hujafika kwenye kivumishi. "Mpumbavu wewe" angalau humwacha mtu akiwa mtu. "Pumbavu!" bila ile herufi ya mbele, ambalo Wakenya wa umri wangu hawawezi kulisikia bila kuikumbuka sauti ya Rais Mwai Kibaki jukwaani, humnyang'anya hata hilo. Mwingereza anayetaka kuzidisha hana budi kuongeza neno lingine mbele, aseme "complete idiot" au "bloody idiot". Sisi tunapunguza herufi na tusi linanenepa. Katika ujumbe wa yule mwajiri hapakuwa na neno la kuongezea, na jambo hilo lilinisaidia: nilijua mara moja kwamba kiambishi cha mtu nitakiacha mahali pake.

Kuhusu asili ya maneno kitabu hiki hakisaidii kabisa, na sikilaumu, kwa sababu hakikuahidi. Niliyoyahitaji niliyapata katika kamusi kubwa za maktaba, na nayataja hapa kwa kuwa yanaonyesha ni kiasi gani fungu la 501 limeficha chini ya mikato yake. "Idiot" limetokana na "idiotes" la Kigiriki, ambalo lilimaanisha raia wa kawaida, mtu asiye na wadhifa wala utaalamu, na shina lake "idios" lina maana ya "-a mwenyewe". Neno "idiom", ambalo walimu wa lugha hulitamka kwa heshima, ni ndugu yake wa tumbo moja. Warumi walilichukua wakalifanya la mtu asiye na elimu, Wafaransa wakalipitisha, na Waingereza walikuwa nalo tangu zama za kati. Kwa kipimo cha Kigiriki, sisi sote tuliokuwa tumeinama juu ya turubai la vitabu siku ile tulistahili jina hilo.

"Fool" limetoka katika neno la Kilatini la mvukuto, kile kiriba cha mhunzi kinachojaa upepo na kutoa upepo, na yeyote aliyesimama karibu na mafundi wa jua kali akisikiliza pumzi ya tanuri anaweza kukamilisha mfano mwenyewe. "Dunce" limetokana na jina la mwanafalsafa mkubwa, John Duns Scotus, aliyefariki mwaka 1308 na ambaye wafuasi wake walikuja kudhihakiwa na wasomi wa karne ya kumi na sita. "Cretin" lilikuwa, katika lahaja ya Kifaransa ya milima ya Alps, neno "Mkristo" lenyewe, lililotumiwa kwa watu waliodumaa mwili na akili kwa kukosa madini ya aidini, kana kwamba kusema: naye pia ni binadamu. Lilianza kwa huruma, likaishia kuwa kombora.

Lakini lililonishika ni "stupid". Linatokana na kitenzi cha Kilatini "stupere", kushikwa na bumbuwazi, kukosa la kusema kwa mshangao. Sasa tazama la kwetu: mpumbavu ni wa kupumbaa, na aliyepumbaa ni aliyeduwaa, aliyepumbazwa na kitu hata akili ikasimama. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki na watu wa Roma, bila kuulizana, waliutazama upumbavu wakaona jambo lile lile, yaani si kichwa kitupu, bali kichwa kilichopigwa butwaa. Roget ameliweka "stupid" katika fungu jirani pamoja na jamaa zake, na mtu anaweza kulipita mara mia bila kuhisi chochote.

Niliposogea kwenye "imbecile" ndipo nilipoacha kucheka. Neno hilo kwa Kilatini lilikuwa la mnyonge tu, mtu dhaifu, lakini yeye na "idiot" walipitia mlango wa sheria na hospitali. Mwaka 1910 mwanasaikolojia wa Marekani, Henry Goddard, aliwapanga watu wenye ulemavu wa akili katika ngazi tatu akitumia jaribio lililobuniwa Ufaransa na Alfred Binet na Théodore Simon mwaka 1905: "idiot" alikuwa mwenye umri wa akili wa mtoto asiyezidi miaka 2, "imbecile" wa miaka 3 hadi 7, na wa miaka 8 hadi 12 akapewa "moron", neno ambalo Goddard mwenyewe alilitengeneza kutoka Kigiriki. Uingereza ilikuwa na sheria ya mwaka 1913 iliyowagawa watu kwa majina ya namna hiyo, na haikuachana nayo hadi 1959. Maneno hayo yalisafiri kwa meli pamoja na sheria nyingine. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1930, ilibeba katika kifungu cha 146 maneno "idiots" na "imbeciles" yakiwa majina rasmi ya watu wanaolindwa dhidi ya wanaowanajisi, na nimewahi kuketi nikitafsiri kijitabu cha afya kwa ajili ya familia za Ahero na Nyando, kifungu hicho kikiwa kimenukuliwa ndani yake, nikajiuliza nitamwandikiaje mama maneno hayo kuhusu binti yake. Ninyi mnaofanya kazi hii mnajua nilichofanya: nilikwenda kwenye Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 54, inayompa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha, nikachukua ruhusa yangu kutoka hapo. Mwaka huo huo Marekani nayo ilipitisha sheria ya kuondoa "mental retardation" katika sheria zake za shirikisho na kuweka "intellectual disability", ingawa hilo lililoondolewa nalo lilikuwa limeletwa zamani liwe mbadala wa adabu.

Kiswahili kimepita njia hiyo hiyo. "Taahira" lilikuwa neno la vitabu na la walimu wa elimu maalum, leo watoto hurushiana uwanjani, na wenye adabu husema mtu mwenye ulemavu wa akili. "Punguani" nalo husikika ndani yake kupungukiwa. Kwa hiyo maneno hayo mawili niliyakata mapema katika tafsiri ya ule ujumbe, kwa sababu mwajiri hakuwa akizungumzia ugonjwa wala ulemavu, alikuwa akitukana, na sikuona sababu ya kuwakokota watu wasiohusika hadi kwenye ugomvi wa lango. Kitabu kinachoweka "imbecile" hatua moja kutoka kwa bata bukini hakimfundishi mtu tofauti hiyo, na katika jambo hili ndipo nakikatia alama nyingi zaidi.

Kwa kulinganisha, nilifungua pia programu ya kamusi iliyo kwenye simu yangu, ambayo sitaitaja jina. Inafika haraka, hilo siwezi kulikana. Kwa "idiot" ilinipa "mjinga" papo hapo, ikafuatisha tangazo la mkopo, na nilipobonyeza ili nipate visawe zaidi ilinipa "mpumbavu", "punguani" na "zuzu" kwa mstari mmoja, kisha tangazo lingine. Roget hana matangazo na hamalizi bando. Kosa lao ni la aina moja, la kutopima uzito, ila kitabu hukosea kwa utajiri na simu hukosea kwa haraka, na mimi kati ya hayo mawili nimezoea kusamehe la kwanza.

Kuhusu hali ya nakala sitasema mengi. Ni toleo la zamani linalofuata bado nambari za Roget mwenyewe, herufi ni ndogo kiasi cha kumhitaji mtu wa umri wangu achukue miwani na aketi dirishani, na ukurasa wa mbele una muhuri uliofutwa kwa wino mweusi ambao sikutaka kuuchunguza. Gundi ya viatu imeshika kama nilivyoahidiwa. Kasoro kubwa niliigundua nyumbani: faharasa inakatika baada ya neno "wind", kurasa za mwisho zimeng'oka, na kwa hiyo "wise", "wisdom" na ukoo wao wote hawapatikani, ilhali wapumbavu wamo kuanzia herufi ya kwanza. Lingekuwa jambo la kulalamikia kama lisingechekesha hivyo. Muuzaji mwenyewe hana lawama katika huduma. Aliniachia nisome nikiwa nimesimama kwa karibu nusu saa, alinisogezea kiti cha plastiki bila kuombwa, na wingu la alasiri lilipoanza kudondosha matone alikifunga kitabu katika mifuko miwili ya khaki ya duka la mikate, iliyokatwa na kuunganishwa kwa gundi ile ile, kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017 na yeye hataki matatizo na askari wa kaunti.

Mwishowe ujumbe niliutafsiri hivi: mahali pa kwanza niliandika "mpumbavu", na mahali pa pili, palipohusu lango, niliandika "kwa namna ya kipumbavu". "Mjinga" lingempunguzia kijana, kwa sababu mwajiri hakusema kwamba mlinzi wake hakufundishwa kufunga lango. Alisema kwamba alifundishwa na akili akaiacha nyumbani. Kitu chochote juu ya hapo kingemwongezea. Kijana alisoma mara mbili akifuatisha mstari kwa kidole, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ndivyo alivyosema." Wiki nzima alikuwa amelibeba neno hilo kwenye simu bila kulihisi sawasawa, na nadhani watu wengi wanaotukanwa kwa lugha ya kazini hulibeba hivyo hivyo. Aliniomba nimwachie neno la Kiingereza pembeni, ndani ya alama za kunukuu, ili wasuluhishi waone kwamba hakulitia chumvi.

Nakipa kitabu alama saba kati ya kumi kwa mwandishi, mfasiri au mwalimu ambaye tayari ana kamusi nzuri ya maana mezani, na nne tu kwa mwanafunzi, ambaye kwa shilingi hizo hizo angefanya vizuri zaidi kununua kamusi ya kawaida kwenye turubai hilo hilo. Nilipopita tena wiki iliyofuata, muuzaji alikuwa amepata nakala nyingine ya Roget, jalada zima, faharasa kamili hadi herufi ya mwisho. Nilimwambia kwamba kwenye yangu wenye hekima wameng'olewa wote. Alifikiri kidogo, akaniambia kwamba kwa sababu hiyo hasa hii nyingine ni 900.